Sura ya Saba: Ganda la Njano

Naibu sherifu Verna Haugen alimwaga gunia zima juu ya meza ya mikutano. Maganda ya risasi yakatapakaa yakigongana, mengine yakabingiria hadi chini ya kabati, moja likajigonga kwenye kikombe cha kahawa cha sherifu.

"Hee, Verna!" Sherifu Wade Tolliver akakinyanyua kikombe chake juu. "Meza hii ndiyo tunayolia chakula."

"Leo mtakula garini."

Alikwenda kwenye friji ya ofisi, akabandua sumaku yenye picha ya samaki. Ratiba ya zamu iliyokuwa imeshikiliwa nayo ikaanguka sakafuni, akaiacha hapo hapo. Tangu asubuhi alikuwa hajatulia kitini. Akikaa, anainuka, akiinuka, anakwenda dirishani kuitazama milima. Mawingu yalikuwa yameshameza vilele vyote. Redio ilisema theluji itaanza jioni, na theluji ikishalala kwenye Mteremko wa Tamarack, hakuna atakayepaona tena pale Emmett Sorby alipofia mpaka majira ya kuchipua.

Akaanza kupitisha sumaku juu ya maganda. Yakawa yanairukia, tak, tak, tak, yakining'inia kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Akayakung'utia ndani ya boksi, akarudia.

"Unatafuta nini hasa?" Tolliver akauliza. "Mtu wetu yuko ndani. Bunduki yake tunayo. Maabara ya jimbo imesema ganda limetoka kwenye bunduki hiyo hiyo. Kesho asubuhi anasomewa shtaka. Ningekuwa wewe ningechukua likizo nikawinde."

"Nataka kuwa na uhakika na haya mengine."

"Si tulishayajua? Ya wale vijana wa Minnesota."

Ni kweli walishayajua, na yalimpotezea Verna siku mbili. Vijana watatu kutoka Minnesota walikuja msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, na kabla ya kumwona elki hata mmoja walishinda ukingoni mwa bonde, ng'ambo ya Mteremko wa Tamarack, wakilenga mawe na chupa. Risasi zao zilikuwa za bei rahisi, maganda ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba yapendeze machoni. Waliyaacha yalivyoanguka, na hakuna mwenyeji aliyejisumbua kuyaokota kwa kuwa ganda la chuma, tofauti na la shaba, halina mtu anayelijaza baruti alitumie tena. Verna aliwafuata mpaka kwenye hoteli yao ya barabarani. Akakuta walipigana baa usiku wa kuamkia siku ya kifo, na asubuhi ile Emmett alipopigwa risasi, wote watatu walikuwa kwa daktari wa meno, mmoja akishonwa ufizi na wawili wakimshika mikono.

Sumaku ilipomaliza kazi, meza ilikuwa tupu. Kila kilichookotwa ukingoni kilikuwa chuma. Ganda moja tu la shaba ya njano ndilo lililopatikana kule siku ile, na hilo lilikuwa kwenye mfuko wa ushahidi. Hilo ndilo lililomtia Orrin Brekke ndani.

Verna alivaa glavu, akalitoa, akalipeleka chini ya taa. Alishalitazama mara nyingi, lakini kila mara alilitazama kitakoni, pale penye alama ya pini ya kufyatulia, kwa sababu ndipo kila mtu alipopatazama. Safari hii alilisimamisha wima, akauchungulia mdomo wake kutoka juu.

Akaligeuza polepole chini ya taa.

"Wade, njoo uone mdomo wake."

"Ganda lina mdomo. Nimeona."

"Si duara."

Tolliver akainama, akakunja uso. "Mtu kalikanyaga. Nusu ya kaunti ilikuwa kule juu na mabuti."

"Nililiokota kwa mkono wangu. Lilikuwa ndani ya ufa wa jiwe, buti halifiki. Na buti halina meno. Tazama hapa. Na upande wa pili, hapa."

Kwenye ukingo wa mdomo kulikuwa na mikwaruzo midogo iliyopangana kama meno ya panya, upande huu na upande unaouelekea. Na katikati ya kila safu ya meno, shaba ilikuwa imepasuka ufa mwembamba, mwembamba kiasi kwamba ilibidi aligeuze ganda ili mwanga uuguse.

"Maabara hawakusema lolote kuhusu meno," Tolliver akasema.

"Maabara waliulizwa habari za kitako. Wakajibu habari za kitako."

Akavaa koti, akaelekea mahabusu.

*

Orrin Brekke alikuwa akitembea katika chumba chake cha mahabusu, hatua chache kwenda, hatua chache kurudi. Alikuwa mzee mrefu mkavu, aliyestaafu kwenye karakana za reli, na hata ndani ya nguo za mahabusu alikuwa amefunga kifungo cha juu kabisa shingoni.

"Umeniletea kahawa au kitanzi?"

"Kahawa."

"Basi kaa."

"Sikai," Verna akasema, akampitishia kikombe kati ya nondo. "Orrin, hili ganda ni lako?"

"Tangu mnikamate nasema ni langu. Naijua mikwaruzo ya bunduki yangu kama ninavyoijua sura yangu. Ninachowaambia ni kwamba si mimi niliyelifikisha Tamarack. Asubuhi ile nilikuwa bandani kwangu."

"Peke yako."

"Mke wangu yuko makaburini. Mbwa wangu hajui kusema. Ndiyo, peke yangu."

"Na wakati wa kiangazi ulimwambia Emmett, mbele ya watu, pale dukani, kwamba utamzika ndani ya mfereji wake."

"Alikuwa ananifungia maji usiku! Ulitaka nimkumbatie?" Mzee akanywa kahawa, akakunja uso. "Hii nani kaipika, Tolliver? Imeungua."

"Nieleze unavyochagua maganda."

Orrin akamwangalia kana kwamba amesikia vibaya. "Mimi kesho nasimama mbele ya hakimu, wewe leo unataka kujifunza kujaza risasi?"

"Baba yangu alikuwa akijaza jikoni, mama akilalamika kwamba baruti inaingia kwenye unga. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota. Sikuwahi kumuuliza kwa nini haya anayataka na yale anayatupa. Sasa nakuuliza wewe."

Mzee akaacha kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza siku zile kuulizwa kitu anachokipenda.

"Anza na chuma," Verna akasema. "Kwa nini si chuma?"

"Risasi ikilia, ganda linavimba, linajibana kwenye kuta za chemba ya bunduki, moto haupati pa kupitia. Halafu kufumba na kufumbua linanywea, unalitoa kwa kidole. Shaba inavimba vizuri na inanywea vizuri. Chuma kinavimba, lakini kunywea ni kwa kubembelezwa. Ukikirudisha umbo lake kwenye kalibu kwa nguvu kinakukwangulia kalibu. Na kutu juu yake. Sikitaki."

"Alumini?"

"Inapigwa mara moja, inatupwa. Ukiikunja mara ya pili inakatika kama biskuti. Aliyekuambia anajaza alumini, simama mbali naye."

"Kwa hiyo shaba."

"Shaba. Lakini shaba nayo inachoka. Kila ukiipiga na kuirudisha inakuwa ngumu zaidi. Unaipasha moto shingoni ilainike, inakupa safari kadhaa tena. Mwisho inapasuka." Akanyoosha kidole. "Na kuna ile nyeupe, shaba iliyopakwa nikeli. Hiyo ndiyo ya mkanda. Mkanda wangu ni wa ngozi, wa baba yangu. Ukiacha shaba tupu kwenye ngozi, inaota ukijani, halafu risasi inakung'ang'ania bundukini elki akiwa mbele yako. Nikeli haioti kitu. Ila inabanduka, na shingo yake haidumu, kwa hiyo siichezei kwa kulenga shabaha. Nyeupe kwa mlimani, njano kwa karatasi nyuma ya banda."

"Yaani hujawahi kwenda mlimani na ya njano."

"Tangu marehemu mke wangu aninunulie boksi la kwanza la nyeupe, sijawahi."

"Mwongo naye angeniambia hivyo hivyo."

"Angekuambia. Tena kwa maneno matamu kuliko haya yangu."

Verna akasogea kwenye nondo, akaliinua ganda ndani ya mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani, mdomo ukimwelekea mzee. "Sasa tazama hapa. Usitazame kitako."

Orrin alitoa miwani mfukoni, akaivaa. Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akavaa tena. Akakiweka kikombe chini.

"Hili nilishaliua," akasema.

"Uliliuaje?"

"Ganda likinipasukia shingoni nalifinya mdomo kwa koleo, linabanana kabisa, bapa. Macho yangu si ya zamani. Siku moja nisije nikalichanganya na mazima nikalijaza." Akagusa plastiki kwa ukucha. "Haya ni meno ya koleo langu. Mtu amelipanua mdomo baada ya mimi kulifinya. Amechukua kitu chenye ncha, akakisokomeza, akalirudisha liwe duara. Si fundi mbaya. Lakini shaba iliyokwisha kuchoka haikubali, ndiyo maana imepasuka tena hapo kwenye meno."

"Lingeweza kutoka bundukini likiwa hivi?"

"Verna, ganda lililofinywa haliwezi hata kuingia bundukini! Lilipigwa siku nyingi zilizopita nyuma ya banda langu."

"Ukishalifinya unalipeleka wapi?"

"Ndooni."

"Na ndoo?"

Mzee alisogea mbali na nondo. Akarudi kitandani, akakaa polepole kama mtu mwenye maumivu ya kiuno.

"Orrin. Ndoo inakwenda kwa nani?"

"Anayeyusha tu," akasema. "Anatengeneza vishikio vya droo na kengele za kondoo. Anawapa watu bure. Mlango wa kanisa lenu una kishikio chake."

"Merle Pruitt."

"Merle hawezi kumlenga sungura akiwa macho. Na Emmett alikuwa rafiki yake tangu wakiwa na meno ya utoto. Walikuwa wote mlimani siku ile! Ndiye aliyelia kuliko mjane!"

"Ndoo aliichukua lini?"

"Asubuhi ile ile. Alfajiri, akienda kumchukua Emmett. Niliiacha kibarazani kama kawaida. Nikasikia gari, nikampungia mkono dirishani, naye akanipungia."

Verna alishika nondo kwa mikono miwili. "Alikuona nyumbani siku hiyo, na wewe hukutuambia?"

"Mliniuliza saa Emmett alipopigwa nilikuwa wapi. Hapo ilikuwa alfajiri, kwenda Tamarack mtu ana muda tele. Nikaona haina maana." Akainua macho. "Kwani yeye hakusema?"

Verna alikuwa ameisoma taarifa ya Merle Pruitt mpaka akaikariri. Ilianza nyumbani kwa Merle, ikaenda moja kwa moja mlangoni kwa Emmett. Hakukuwa na kibaraza cha mtu yeyote katikati.

"Maliza kahawa," akasema, akaondoka.

*

Alipitia kwanza nyumbani kwa Orrin, kwa sababu maneno ya mahabusu ni maneno ya mahabusu. Banda lilikuwa safi kuliko jiko lake yeye Verna. Mkanda wa ngozi ulining'inia kwenye msumari, kila tundu na risasi yake, zote nyeupe, hakuna tundu tupu. Chini ya meza palikuwa na ndoo nyingine, mpya, na ndani yake maganda manne tu ya njano, yamefinywa midomo bapa kama midomo ya bata. Alilichukua moja akalilinganisha na lile la mfukoni. Meno yalifanana, hata lile moja lililovunjika ambalo liliacha pengo kwenye safu.

Alipotoka nje, punje za kwanza za theluji zilikuwa zimeshaanza kupeperuka. Aliendesha pikapu yake kwa kasi kuliko barabara ile ilivyoruhusu.

Karakana ya Merle Pruitt ilikuwa nyuma ya nyumba yake, na kabla hajazima injini alisikia tanuri la gesi likinguruma ndani. Hakubisha hodi.

"Ah, binti Haugen!" Merle alikuwa amevaa aproni ya ngozi na miwani ya kukinga macho, mtu mpana mwenye mashavu mekundu. "Ingia, funga mlango, joto linatoka. Kuna supu kwenye jiko."

"Zima tanuri, Merle."

"Shaba itagandia ndani ya chungu."

"Iache igande."

Akacheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akazima. Ngurumo ilipokatika, karakana ikawa kimya sana. Juu ya meza palikuwa na vishikio vya droo vilivyotoka kwenye kalibu, bado havijasuguliwa. Kando ya tanuri ilikuwepo ndoo ya Orrin, jina lake limeandikwa kwa rangi ubavuni, na ilikuwa imebaki robo.

"Una haraka na hii," Verna akasema.

"Lorna ameniomba vishikio vya jeneza la mumewe. Mazishi ni Ijumaa. Nikasema Emmett azikwe na kitu cha mkono wangu."

Verna aliingiza mkono ndooni, akatoa ganda lililofinywa, akaliweka mezani kati yao.

"Mtu akitaka kulifungua hili mdomo, atafanyaje?"

"La nini? Halifai kitu."

"Nataka kujua tu. Wewe ndiye fundi."

Merle aliligeuza kwa kidole. "Atachukua sindano ya kutobolea, hii nene, aisukume taratibu. Lakini litapasuka. Shaba hii imechoka. Litapasuka huku na huku, pale koleo lilipouma."

"Ndivyo lilivyopasuka lile la Tamarack," Verna akasema. "Huku na huku."

Merle alilisukuma ganda kando.

"Alfajiri ile ulipita kwa Orrin kuchukua ndoo. Akakupungia mkono. Kwa nini haimo kwenye taarifa yako?"

"Nilisahau. Siku kama ile, mtu anakumbuka ndoo?"

"Orrin yuko ndani kwa sababu ya ganda moja, wewe umebeba ndoo nzima ya maganda yake, na ukasahau."

"Labda mtu aliiba kwenye gari. Gari langu halifungwi."

"Nani? Nani alikuwa kule juu, mbali na wewe na Emmett?"

Merle alivua miwani ya kukinga macho, ikamwachia duara mbili nyeupe kwenye uso uliojaa masizi. Alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakaa juu ya gunia la mchanga.

"Lilikuwa koti," akasema. "Alivaa koti la kahawia juu ya fulana yake ya chungwa, ile ya kumfanya mwindaji aonekane. Baridi. Nilimwambia azunguke kwa chini, akazunguka kwa juu, na mimi nikaona kahawia inapita kati ya miti, ikainama chini kama inakula. Verna, tulikuwa tumemfuatilia elki yule tangu mapambazuko. Nilimwona. Haki ya Mungu, nilimwona elki. Nikapiga."

Verna hakuandika kitu. Alimwacha aseme.

"Nilipofika nikamkuta yeye. Tumewinda pamoja tangu hatujaota ndevu. Mimi ndiye niliyesimama upande wake alipomwoa Lorna. Ningemwambia nini Lorna? Ningekaa wapi kanisani?"

"Ungemwambia ukweli. Watu hupigwa kila msimu kwa bahati mbaya. Ungepata aibu, ungenyang'anywa leseni. Ungelala nyumbani kwako."

"Najua. Sasa najua."

"Na Orrin? Amekukosea nini Orrin?"

"Sikutaka afungwe. Nilitaka tu ionekane ni bunduki ya mtu mwingine, halafu msimjue ni nani. Sikudhani mtampata haraka hivyo."

"Maganda yake yanajulikana kaunti nzima, Merle. Na ugomvi wa maji unajulikana kaunti nzima. Ulikuwa na vijana wa Minnesota wameacha gunia zima la maganda pale pale chini ya miguu yako. Ukaweka la Orrin."

Merle akajifuta pua kwa kiganja, masizi yakaenea. Alionekana mzee ghafla, mzee kuliko Orrin. Verna alimjua tangu akiwa mtoto; ndiye aliyemtengenezea baba yake kishikio cha fimbo miguu ilipoanza kumsaliti. Akamchukulia koti lake ukutani, akamsaidia kuingiza mkono mmoja.

"Tutapita barabara ya mto," akamwambia. "Tutapita mbele ya nyumba ya Lorna, kwa hiyo sitakufunga pingu. Utakaa mbele na mimi. Hatakiwi kukuona na pingu kabla mimi sijazungumza naye."

"Ahsante. Mungu akubariki, binti Haugen."

Alikuwa akitafuta tundu la mkono wa pili wakati Verna alipouliza, kwa sauti ile ile, kwa sababu alihitaji kulijaza pengo hilo kwenye taarifa.

"Ndoo ilikuwa wapi mlipokuwa juu?"

"Garini."

"Na gari?"

"Langoni, pale tunapoegeshaga sote."

Verna aliacha kulishika koti.

Kutoka lango la Tamarack mpaka pale Emmett alipoanguka ni mwendo wa kutoa jasho, na simu haishiki mtandao kokote njiani isipokuwa pale langoni. Daktari aliyempasua Emmett alikuwa amemwambia kwamba damu ilimtoka taratibu, kwamba aliishi muda mrefu baada ya risasi, labda karibu saa nzima, na kama helikopta ingeitwa mapema angekuwa na nafasi. Verna alikuwa amekwisha kumweleza Lorna kwamba Merle alikimbia kadiri alivyoweza.

"Ulishuka langoni mara ngapi, Merle?"

"Vipi?"

"Ulimkuta Emmett ameanguka. Ganda liko garini, gari liko langoni. Ulishuka mara ya kwanza. Simu unayo mkononi na mtandao upo. Ukapiga?"

Merle aliangalia vishikio vya jeneza mezani.

"Niliishika simu," akasema. "Niliishika, nikaanza kubonyeza. Halafu nikaiona ndoo."

"Kwa hiyo hukupiga. Ukachukua ganda, ukalipanua mdomo, ukapanda tena, ukavuka mpaka ukingo wa pili, ukaliweka kwenye ufa. Ndipo ukashuka kupiga."

"Nilidhani ameshakufa."

"Njia ya kwenda ukingo wa pili inapita pale pale alipolala. Hakuna nyingine. Nimeitembea mara sita. Alikuwa amekufa?"

Nje upepo ulikuwa umeanza kupiga bati. Merle alivuta kola ya koti lake lililovaliwa nusu, mkono mmoja bado uko nje, akavuta tena, kama mtoto anayesubiri mtu mzima aje amvalishe.

"Merle. Alikuwa amekufa ulipompita na ganda mfukoni?"

"Alikuwa ananiita."

"Akisema nini?"

"Jina langu tu. Jina langu, na maji."

"Ukamjibu?"

Chungu cha shaba kwenye tanuri kilikuwa kikipoa, kikilia kidogo kidogo.

"Nilimwambia atulie," Merle akasema. "Nilimwambia, 'Tulia, Emmett, nimeshawapigia. Wanakuja.'"

Verna alirudi nyuma hatua moja. Akafungua kifuko cha mkanda wake, akatoa pingu.

"Geuka."

"Lakini Verna, umesema hutanifunga. Lorna ataona."

"Geuka, Merle," akasema. "Acha aone."